Homa Ikiisha, Kitazameni Kichwa cha Mtoto



Mwezi huu twataka kunena habari ya ugonjwa ambao jina lake hutisha kila nyumba, yaani homa ya uti wa mgongo. Lakini hatutanena sana juu ya homa yenyewe. Twataka kunena juu ya siku zile zinazofuata, wakati homa imekwisha kushuka, mtoto amerudishwa nyumbani, majirani wamekuja kumwona, na watu wote wadhani ya kuwa hatari imepita. Katika siku hizo mambo mengine huanza kimyakimya, na wengi wetu hatuyajui. Sisi nasi hatukuyajua, na kwa kutojua kwetu tulimpoteza njia mama mmoja. Ndiyo sababu ya kuandika.

Mama huyo ni Mkristo wa mtaa wetu. Mwanawe wa kwanza alishikwa na homa hiyo akiwa na umri wa miezi mitatu. Akapelekwa hospitali, akachomwa sindano siku nyingi, akapona. Jumapili iliyofuata tulimtaja kanisani, tukamshukuru Mungu kwa ajili yake. Baada ya wiki tatu mama akatujia mlangoni, mkononi ameshika kofia ya sufu. Akasema, “Mwalimu, kofia hii nalimfumia ya ubatizo. Tulipotoka hospitali ilimtosha, leo haimwingii.” Tukacheka kwa furaha, tukamwambia, “Mama, mtoto anakua. Mshukuru Mungu, ufume nyingine.” Akaenda zake, akafuma nyingine.

Hata miezi miwili ikapita. Kofia ya pili nayo ikawa ndogo. Watu wakaanza kunong'ona: huyu akasema mtoto amerogwa, yule akasema mama amevunja mwiko. Wazee wa ukoo wakataka mtoto afichwe ndani asionwe na wageni. Mwishowe muuguzi wa kliniki akampima kichwa, akawahimiza wazazi waende hospitali kubwa siku ile ile. Mtoto akapasuliwa, akaishi. Leo yu hai, aimba vizuri, aitambua sauti yetu tukiwa bado njiani, lakini haoni. Daktari hakutulaumu. Alituambia tu ya kuwa maji yalikuwa yameikandamiza mishipa ya macho kwa muda mrefu, na ya kuwa upasuaji huondoa maji, walakini haurudishi mishipa iliyokwisha kufa.

Maneno hayo tumeyachukua moyoni. Tangu siku ile tumewauliza madaktari na kusoma, ili tujue maji hayo ni maji gani.

MAJI YA KICHWANI

Mwenyezi Mungu ameuweka ubongo ndani ya maji safi, ili usigongwe na mifupa. Ndani ya ubongo mna vyumba vinne, na ndani ya vyumba hivyo mna nyama laini zenye mishipa mingi ya damu, nazo hutoa maji hayo usiku na mchana. Mtu mzima hufanya kadiri ya nusu lita kila siku, ingawa maji yaliyomo kwa wakati mmoja ni kama kikombe kidogo cha chai tu. Yaliyosalia huenda wapi? Hupita katika vijia vyembamba kutoka chumba hata chumba, huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hunywewa tena na damu. Basi kinachoingia na kinachotoka ni sawasawa, na kichwa hukaa salama.

Vijidudu vya homa ya uti wa mgongo vikiingia katika maji hayo, ngozi nyembamba zinazoufunika ubongo huvimba na usaha hufanyika. Dawa huviua vijidudu, lakini usaha huweza kuacha makovu, kama matope yaachwavyo na mafuriko katika mfereji wa shamba. Vijia vikizibwa, maji hayana pa kutokea, wala nyama zile haziachi kuyatoa. Vyumba hujaa, hupanuka, huusukuma ubongo ukutani. Kwa mtoto mchanga mifupa ya kichwa bado haijaungana, kwa hiyo kichwa chenyewe hupanuka. Kwa mtoto mkubwa mifupa imekwisha kushikana, na kichwa hakikui. Yeye huumwa kichwa, hasa asubuhi, hutapika, husinzia, na hatari yake huja upesi zaidi.

Tena si maji hayo tu. Mara nyingine maji hukusanyika juu ya ubongo, chini ya ngozi yake ya nje. Haya kwa watoto wachanga mara nyingi hunywewa yenyewe, na daktari huyaangalia tu. Yakiwa mengi na kuukandamiza ubongo, huyatoa kwa sindano katika utosi. Lakini penye maji pakiwa na usaha, sharti utolewe kwa upasuaji, na mtoto apewe dawa kwa wiki nyingi. Dalili yake ni homa inayorudi baada ya kushuka, degedege lisilokoma, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea. Mtoto wa namna hiyo asirudishwe kulala nyumbani.

DALILI ZA KUANGALIWA

Wazazi wenye mtoto aliyetoka katika homa hii, au mtoto mchanga aliyeugua homa kali katika mwezi wake wa kwanza, na waangalie mambo haya:

Kwanza, kichwa kukua upesi kuliko mwili. Mtoto akizaliwa kwa miezi yake, kichwa chake huwa kadiri ya sentimita 35 kwa kuzungushwa kamba, na akitimiza mwaka huwa kadiri ya 46. Kikiongezeka zaidi ya sentimita 1 katika wiki moja, msingoje wiki ya pili.

Pili, utosi kuvimba na kuwa mgumu hali mtoto ametulia, halii, na ameinuliwa wima.

Tatu, mishipa ya kichwa kuonekana wazi, na ngozi kung'aa.

Nne, macho kutazama chini daima, weupe ukionekana juu ya mboni, kama jua linalotua.

Tano, kutapika, kukataa kunyonya, kulia kwa sauti nyembamba, au kulala kupita kiasi.

Sita, mtoto aliyeweza kuinua kichwa au kukaa, sasa hawezi tena.

Msingoje zote sita zitimie. Moja yatosha kuwapeleka hospitali.

KAZI YA MADAKTARI

Watu wengi wakisikia neno la kupasuliwa kichwa hudhani ya kuwa ubongo utakatwa. Sivyo. Kazi yote ni kuyapatia maji njia.

Njia ya kwanza ni kuwekewa mpira. Mpira mwembamba huingizwa katika chumba cha maji, hupitishwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni na kifuani, hata tumboni, na huko maji hunywewa na mwili. Katikati pana kilango kidogo kiitwacho vali, kipitishacho maji upande mmoja tu na kwa kadiri. Katika mwaka wa 1956, fundi mmoja wa mashine huko Marekani, John Holter, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na maji kichwani kwa sababu ya kuzaliwa na mgongo wazi, alitengeneza vali iliyofaa, na kazi yake ikafungua mlango kwa watoto wengi wa dunia. Ni vema akina baba wakumbuke jambo hili: baba hakumficha mwanawe, bali alitumia ufundi wa mikono yake.

Mpira huokoa, lakini una shida zake. Huweza kuziba, huweza kuingiwa na vijidudu, na mtoto akikua huweza kuwa mfupi. Mtoto mwenye mpira akianza kutapika, kuumwa kichwa, kusinzia, kupata homa, au ngozi juu ya mpira ikawa nyekundu, ni lazima arudi hospitali mara moja, hata usiku, hata mvua ikinyesha. Tena daktari hawezi kuuweka mpira maadamu maji bado yana vijidudu; huyatoa kwanza kwa njia nyingine hata yawe safi. Kwa hiyo mzazi akiambiwa angoje wodini, asidhani kwamba anapuuzwa.

Njia ya pili ni ya tundu. Mwaka wa 1923, huko Boston, daktari William Mixter alichukua chombo chembamba cha kutazamia ndani ya njia ya mkojo, akakiingiza katika vyumba vya ubongo vya mtoto mchanga, akatoboa sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia mpya. Vyombo vya siku zile vilikuwa na mwanga hafifu, na kazi hiyo ikaachwa na wengi kwa miaka mingi.

Basi ilipata nguvu mpya hapa kwetu Afrika ya Mashariki, katika mji wa Mbale, Uganda, karibu na Mlima Elgon. Mwaka wa 2000 daktari Benjamin Warf alitoka Marekani pamoja na jamaa yake, akaenda Mbale kufanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE, ambayo ni hospitali ya Kikristo. Akaona watoto wengi wenye vichwa vikubwa, na katika habari alizoziandika mwaka wa 2005 juu ya watoto 300, alionyesha kwamba 60 katika kila 100 walipata ugonjwa huo kwa sababu ya maambukizo, na ya kuwa kwa robo tatu ya hao maambukizo yalikuja katika mwezi wa kwanza wa maisha. Akawaza hivi: mtoto anayekaa mbali, ambaye njia yake hukatwa na mito wakati wa masika, mpira wake ukiziba usiku atafika lini? Akaanza kutoboa tundu kwa chombo chenye taa na kioo, na pamoja na hayo kuzichoma kwa moto mdogo wa umeme baadhi ya nyama zile zitoazo maji, ili yapungue. Kwa watoto walio chini ya mwaka mmoja, tundu peke yake lilifaa kwa 47 katika 100. Tundu pamoja na kuchoma vilifaa kwa 66 katika 100. Warf alirudi Marekani mwaka wa 2006, na kazi ikaendelezwa na madaktari wa Uganda wenyewe, miongoni mwao John Mugamba. Na madaktari wa nchi nyingine wakaja Mbale kujifunza.

Mtu atauliza, “Je, njia ipi ni bora?” Madaktari nao waliuliza. Mwaka wa 2017 walitangaza majibu ya kazi iliyofanyika Mbale kwa watoto 100 walio chini ya miezi sita, wote wenye maji kichwani baada ya maambukizo. Wengine waliwekewa mpira, wengine walitobolewa tundu na kuchomwa. Baada ya mwaka mmoja akili zao zilipopimwa, haikuonekana tofauti ya kutegemewa kati ya njia hizi mbili. Basi mzazi asigombane na daktari akisema, “Mtoto wa jirani alifanyiwa hivi.” Daktari atachagua kwa kutazama umri wa mtoto na makovu yaliyomo. Tena tundu nalo huweza kufunga, hasa katika miezi sita ya kwanza. Kwa hiyo mtoto arudishwe kupimwa kila tarehe anayopewa, ijapokuwa anacheka na kunyonya.

Upasuaji wa namna hii wafanyika pia Kijabe katika Kenya, na katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, na katika hospitali nyingine kubwa. Anzeni na hospitali iliyo karibu, mkaulize huko.

HOFU ZINAZOTUCHELEWESHA

Tumesikia hofu mbili mara nyingi, hata vinywani mwa Wakristo.

Hofu ya kwanza ni ya maji ya mgongoni. Daktari akitaka kuyatoa kidogo kwa sindano, jamaa hukataa, wakisema ya kuwa mtoto atakufa au atapooza. Jambo hili lilianza kufanywa na daktari Heinrich Quincke wa Ujerumani mwaka wa 1891. Sindano huingizwa chini kiunoni, mahali ambapo uti wa mgongo wenyewe umekwisha kukoma, na hapana ila maji na mishipa inayosogea kando. Wakati mwingine daktari mwenyewe huiahirisha, akiona hatari kwa mgonjwa. Hiyo ni kazi yake kuipima. Wale waliokufa baada ya kutolewa maji, wengi wao waliletwa wakiwa mahututi, na ugonjwa ndio uliowaua. Bila maji hayo daktari ni kama mtu anayetafuta sindano gizani.

Hofu ya pili ni ya degedege. Mtoto akikakamaa na kugeuza macho, watu husema amepitiwa na mdudu au ndege wa usiku. Humfukiza moshi, na huonya ya kuwa akichomwa sindano atakufa. Ndugu zetu, degedege ni ubongo unaolia. Huweza kuletwa na malaria, huweza kuletwa na homa ya uti wa mgongo, na kwa macho tu hapana awezaye kutenga hii na ile. Mlazeni mtoto ubavu, msimtie kitu kinywani, mwendeni hospitali. Saa zinazopotea katika moshi ndizo saa ambazo usaha hufanya makovu.

Hata maneno ya uchawi yawe mbali nasi. Makovu yale yalitokana na vijidudu, na vijidudu vingine vimepewa majina yao. Mwaka wa 2020 wataalamu walitangaza ya kuwa katika maji ya watoto wa Uganda walikuta kijidudu cha jamii ya Paenibacillus, ambacho madaktari hawakuwa wakikitafuta. Basi tusimtafute mchawi nyumbani mwa bibi mzee wa jirani.

KUZUIA NI BORA

Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Chanjo ndiyo udongo wa kuzibia ufa huu. Vijidudu viwili vilivyoleta homa hii mara nyingi kwa watoto wadogo, yaani hemofilasi na nimokoka, vina chanjo zake. Chanjo ya hemofilasi ilianza kutolewa kwa watoto wote Kenya mwaka wa 2001, Uganda 2002, na Tanzania 2009. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, katika muda wa miaka mitatu hivi ugonjwa wa hemofilasi kwa watoto walio chini ya miaka mitano ulipungua kwa 88 katika 100. Mtoto hupelekwa akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14. Asikose hata mara moja.

Lakini mtoto wa mwezi wa kwanza bado hajafikia chanjo hizo. Ulinzi wake ni usafi: mama azalie mahali penye mkunga aliyefunzwa, mikono ioshwe kwa sabuni, kitovu kikatwe kwa wembe mpya, wala kisipakwe kinyesi cha ng'ombe, wala majivu, wala udongo. Na mtoto mchanga akiacha kunyonya, au mwili wake ukawa wa moto au wa baridi kupita kawaida, huo ni ugonjwa wa haraka.

NENO KWA WALIMU

Ninyi walimu wenzetu, katika madarasa yenu wamo watoto waliopona homa hii. Mmoja hasikii. Msimwite mkaidi, wala msimpige fimbo kwa kutoitika. Homa ya uti wa mgongo huharibu masikio ya ndani, na baadaye mfupa huweza kuota mahali pa kusikilia hata chombo kisipate kuingia. Kwa hiyo kila mtoto aliyeugua apimwe masikio mapema, asingoje umri wa shule. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza mwaka wa 2017 kupandikiza vyombo vya kusikia ndani ya sikio, na hapo kuwahi ni nusu ya kupona.

Mwingine ana kichwa kikubwa kidogo na kovu nyuma ya sikio. Huyo ana mpira. Anaweza kusoma, kuimba na kucheza. Mwekeni mbele, mpeni muda. Lakini akisema kichwa chamuuma, akatapika na kusinzia juu ya dawati, msimwache alale. Waiteni wazazi wake saa ile ile.

Mwakumbuka habari ya wale watu wanne waliombeba mwenye kupooza, wakaona mlango umezibwa na umati. Hawakukaa nje wakingoja watu wapungue, bali walipanda juu wakaifungua dari. Bwana wetu aliiona imani yao katika kubeba kule. Sisi tulipomwambia mama yule amshukuru Mungu na kufuma kofia nyingine, tulidhani ya kuwa tunanena maneno ya imani. Kumbe imani ingalikuwa kuondoka saa ile na kumsaidia kumbeba mtoto.

Mama huyo amezaa tena, mtoto wa kike, naye ana afya. Hakutukasirikia, bali siku ya ubatizo alituletea futi kamba ya fundi wa cherehani, akasema, “Mwalimu, hii ikae kanisani.” Tumeitundika karibu na kitabu cha ubatizo. Kila Jumapili, mtoto aliyetoka katika homa hupimwa kichwa baada ya sala, na hesabu yake huandikwa. Twawasihi nanyi, kila mtaa, mfanye vivyo hivyo. Gharama yake ni ndogo, nayo huonyesha mapema kile ambacho macho yetu hayakukiona.

Mungu awalinde watoto wenu, na neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote.